Gari Lililopanda Mlima Mgongoni kwa Mama

Jirani yangu anauza petroli ya taa kwa chupa, na kila anapoimimina, harufu yake hupita juu ya ukuta na kunikuta nimekaa barazani. Wengine wakiisikia harufu hiyo hukumbuka taa na madaftari ya shule. Mimi hukumbuka sufuria yetu ya maharagi. Papa aliichukua siku moja bila kuuliza, akaijaza petroli, akatumbukiza humo buloni, zile skrubu nene za gari, zilizoshikwa na kutu. Tuliisugua baadaye kwa mchanga na majivu mpaka mikono ikawasha, lakini kwa miezi mingi maharagi yetu yalikuwa na ladha ya gari.

Niwaeleze kwanza hilo gari. Papa alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la kinkina, mti wa dawa ya malaria, njia ya Bunyakiri. Lori lilipinduka wakati wa mvua. Yeye alitoka hai, ila goti lake la kushoto halikukunjika tena, na mguu ukawa kama mti ulioshonwa ndani ya suruali. Mtu asiyeweza kukanyaga embreyaji, klachi ya mguu wa kushoto, hana kazi ya udereva. Miaka ile jina la Zaïre lilikuwa bado jipya midomoni mwetu, na mwenye shamba, Mzungu, alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Alimpa Papa kitu alichokuwa amekisahau bandani: Coccinelle ya zamani, ile gari ndogo yenye mgongo wa mviringo na motere, yaani injini, nyuma. Kuku walikuwa wametaga juu ya kiti.

Lilivutwa na lori mpaka chini ya mlima wetu, Kadutu, likaachwa kando ya barabara. Kutoka hapo kwenda kwetu kulikuwa na kijia tu, ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, zikipanda kati ya nyumba za watu mpaka shingo iume kwa kutazama juu. Papa asingeweza kushuka na kupanda kila siku kwa mguu ule. Na gari likilala barabarani, asubuhi ungekuta vioo na magurudumu vimekwenda kwa watu wengine.

"Sasa hii tutaipandisha namuna gani?" Mama aliuliza.

"Tutaifungua. Iko vipande tu. Motere yake inashikwa na buloni ine."

"Na vile vipande, nani atabeba?"

Papa alitazama mguu wake.

Mama alikuwa mbebaji. Nasema hivyo kwa wasiojua wanawake wa mji wetu: alishuka kila alfajiri bandarini, ziwani, akafunga gunia la mihogo kwa kamba, akapitisha kamba juu ya paji la uso, akainama, na kulipandisha mpaka soko la Kadutu. Halafu akashuka tena. Kamba ilikuwa imemchimbia mfereji mdogo juu ya nyusi. Nilipokuwa mdogo zaidi nilidhani mama wote wamezaliwa nao.

Wanaume wa jirani walibeba mwili wa gari Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, kumi kwa pamoja, wakilaumiana kila kona. Vilivyobaki vilikuwa vya Mama. Alipandisha milango, magurudumu, viti, na mwisho kabisa tumbo la motere, chuma kitupu, mchana wa mvua. Alipolitua uani alikaa juu ya jiwe, pumzi ikimtoka kwa filimbi. Papa, kwa furaha yake, alianza kumfundisha.

"Unaona, Mama Nsimire? Hii haiko na maji hata kidogo. Inapoa na upepo."

Mama aliitazama motere, kisha ndoo zetu tupu ukutani. "Njo kitu ya kwanza mu hii nyumba yenye haiombe maji kwangu," alisema.

Papa alicheka sana. Nsimire ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa na nililichukia lile gari.

Lilikula ua wetu karibu miaka miwili. Papa hakutaka tu lifufuke, alitaka libadilike. Alikata nyuma yote kwa msumeno wa chuma, sentimeta chache kwa siku, akatoa kiti cha nyuma, akahamishia kioo cha nyuma mgongoni mwa viti vya mbele, akajenga sanduku la mizigo la mbao za mikalitusi juu ya motere, lenye nafasi pembeni ili upepo uingie. Sauti ya ule msumeno ilikuwa kama jino linalouma. Jioni aliweka vifaa chini na kusema, "Kesho itawaka." Haikuwaka. Tulizoea neno hilo kiasi kwamba mdogo wangu, akipewa uji wa moto, alisema naye, "Kesho itapoa."

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa embreyaji. Aliamua kuivuta kwa mkono, na kwa ajili hiyo alihitaji chuma kirefu, imara. Chuma hicho kilikuwa ubavu wa kitanda changu. Nikaanza kulala kwenye mkeka. Siku aliyoonyesha kazi yake, amekaa ndani ya gari lisilo na magurudumu, mkono wa kushoto ukivuta chuma na wa kulia kwenye vitesi, yaani gia, Mama alisimama mlangoni na mboga mkononi.

"Na mukono ya kushika usukani, utaazima kwa nani?"

Papa alitazama mikono yake miwili. Kesho yake alifungua yote. Alihamisha chuma katikati, karibu na kijiti cha vitesi, akakichongea meno kama ya breki ya mkono, ili mkono mmoja uvute, kishike chenyewe, uingize vitesi, kisha ukiachie. Alikosea mara tatu. Mara ya nne kikashika. Aliita tu, "Mama Nsimire, kuya uone," lakini Mama alikuwa bandarini.

Nadhani ilikuwa mwezi huohuo Mama alipoanguka. Kijia kilikuwa kimelowa, gunia likamvuta nyuma, na wanawake wenzake wawili walimleta wakimshika makwapani. Alilala siku tatu, uso ukiwa ukutani. Siku ya nne nilimkuta amekaa akifunga kamba yake. Papa alikuwa amesimama mbele yake na fimbo.

"Usiende."

"Batoto batakula buloni?"

Aliondoka. Papa alichukua msumeno, na sikumsikia akipumzika mpaka jua lilipozama. Hakusema tena habari ya kesho.

Mwishowe gari lilishuka kama lilivyopanda, vipande vipande, na likaunganishwa palepale barabarani kwa siku tano. Safari hii wanaume walibeba hata motere, wanne kwa mti mmoja, kwa sababu Papa alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akiomba, mguu wake ukiburutika, yeye ambaye hakupenda kuomba. Mchana wa siku ya tano motere ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikaanza kuimba kama cherehani kubwa. Nilisahau chuki yangu yote. Mpango wangu ulikuwa tayari: tungepita Nyawera, penye shule, wakati wanafunzi wanatoka, Mama mbele kama bibi wa mkurugenzi, mimi kwenye sanduku, na kila msichana aliyenicheka kwa kunuka petroli angeona.

Mama alitokea akiwa anarudi kutoka bandarini, kamba imeviringwa mkononi, miguu imejaa potopoto la matope. Papa alimfungulia mlango.

"Ingia."

"Nipanguse kwanza miguu."

"Achia tu. Ingia."

Tukaondoka. Papa alivuta, akaingiza, akaachia. Gari liliruka kidogo, kisha likatulia. Nilipanda kwenye sanduku nikishika mbao, upepo mdomoni. Tuliwapita wabebaji wenzake Mama, wakapiga vigelegele wakiita jina lake. Hakugeuka. Niliinama kwenye kioo cha nyuma. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi. Alikuwa amelala. Hatukuwa tumemaliza hata kona ya kwanza.

Niligonga kioo. "Maman! Maman, tunafika Nyawera!" Papa aliinua kidole bila kugeuka. Nikagonga tena, na akanitazama kwenye kioo chake kwa jicho ambalo sikulijua, nikaacha.

Hakusimama Nyawera. Wanafunzi walipita pembeni wakielekeza vidole, nami nilikuwa nalia kwa hasira. Aliendesha mpaka Nyalukemba, akafika mwisho wa rasi ya Labotte ambako barabara inaishia majini, akageuza polepole, akarudi, akaenda Muhumba, akarudi tena. Alikwepa kila shimo. Kwenye vilima alivuta kile chuma taratibu mno, hata mshtuko hukuusikia. Alizunguka hivyo mpaka esanse, mafuta ya gari, ikaisha na gari likasimama lenyewe chini ya mikalitusi. Ukimya ndio uliomwamsha Mama.

"Tumefika?"

"Bado," Papa alisema. "Lala."

Akalala.

Gari lilibeba mihogo miaka kadhaa, kisha likachoka, kama tulivyochoka sote. Papa ametangulia kaburini, Mama pia. Kwa muda mrefu nilisimulia habari hii kama kisa cha siku ambayo Mama alilala na kuniharibia sherehe, na watu walicheka, nami nilicheka nao. Nimekuwa mama, nimefanya kazi miaka mingi, mgongo wangu nao umeanza kusema. Siku moja tu, bila sababu, nikiwa nimekaa kwenye basi na watoto wangu wakinivuta nguo, ndipo nilipoona: katika utoto wangu wote mpaka siku ile, sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akilala usingizi mchana, ukiacha zile siku tatu za maumivu. Papa alikuwa ameshaliona hilo, zamani. Mimi nilimwona amelala mara moja, mbele ya macho yangu, na nikagonga kioo.