Komeo la Maman Séraphine

Kwenye kitambulisho mimi ni citoyen, yaani raia, Cirimwami, tangu serikali ikataze majina ya ubatizo. Huku mtaani Kadutu bado naitwa Papa Évariste, seremala wa milango. Kwa miaka kumi na tisa nilijisifu kwamba sijawahi kumwibia mtu hata msumari. Mwaka huu sina tena haki ya kusema hivyo.

Maman Séraphine, jirani yangu mjane, aliniomba nimtengenezee mlango wa banda la kuku. Vicheche walikuwa wameshaingia kwa watu watatu mtaani. Akaniletea komeo alilotumiwa na kaka yake wa Kamanyola, la chuma, lenye springi: kulifungua ni lazima kwanza ubonyeze, halafu uvute. Kicheche ana makucha hodari, lakini kazi mbili kwa mara moja hazimo kichwani mwake. Nililigeuzageuza mkononi, nikalitamani. Mimi pia nafuga kuku.

Basi mlango wake nikaupigilia kipande cha ubao kinachozunguka kwenye msumari mmoja. Nikamwambia kwamba chuma kingepasua mbao. Fundi akishasema, mjane atabisha nini? Alinishukuru, akanipakulia sahani ya maharagwe, nami nikala yakaisha. Komeo lake nikalifunga kwenye banda langu, nyuma ya nyumba.

Wiki ya tatu, asubuhi ya Jumamosi, tukichukua majembe kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya barabara, nikasikia kilio. Kuku wote wanane walikuwa chini, shingo zimetafunwa, na mlango u wazi. Aliyefunga jioni alikuwa Apolline, mke wa Grégoire, mwana wa Séraphine. Alikuwa na miezi minne tu katika nyumba ile.

"Haukufunga," Séraphine akamwambia.

"Nilifunga, maman."

Séraphine akanigeukia. "Papa Évariste, weye njo fundi. Ule mulango unaweza kujifungua yenyewe?"

Alama za makucha zilikuwa pale kwenye ubao, karibu na msumari. Nilikuwa naziona. Nikajibu, "Kama mutu amefunga muzuri, hapana."

Apolline alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Mchana huohuo akarudishwa kwao Mudaka.

Siku tisa chakula kilinishinda. Delphine, mke wangu, alidhani ni malaria, akaninywesha kinini. Kinini haitibu uongo. Kila nilipopita mbele ya banda langu kuku walikuwa wazima, wanene, nami niliwachukia.

Kwetu mwanamke aliyerudishwa harudi peke yake. Watu wa mume humfuata na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wakakiri kosa. Siku ya kumi nilikwenda kwa Séraphine nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Hakunitukana. Alisema tu, "Basi kasiksi utaibeba weye."

Nikaibeba. Njia nzima Grégoire alitangulia mbele bila kugeuka, na alikuwa na haki.

Huko Mudaka nilipiga magoti mbele ya wazazi wa Apolline, mimi mtu wa mvi, nikaanza kueleza habari ya komeo. Apolline alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi.

"Minaijua, papa," akasema polepole. "Siku maman alinituma kwenu kuomba chumvi, niliiona ku banda yenu."

Nilimwuliza kwa nini basi alinyamaza siku ile mbele ya watu wote.

"Muko muzee, papa. Bibi wa ndoa ya miezi ine atasimama aseme muzee ameiba?"

Mama yake akaacha alichokuwa akifanya, akamtazama binti yake, kisha akafunika uso kwa kitenge. Hapo ndipo nilipoelewa. Siku kumi Apolline alikuwa ameitwa mzembe na mama yake mzazi, na siku zote hizo alikuwa akinisitiri.