Unga Chini ya Pikapu

Kuna harufu mbili ambazo pua yangu haijawahi kuzitenganisha: harufu ya oili nyeusi ya giaboksi na harufu ya jiwe lililolala nje kwenye mvua. Nikipita mbele ya gereji baada ya manyunyu, mara moja hurudi kwenye uwanja wa nyumbani kwetu, mlimani karibu na Ikonge, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa darasa la tatu. Msimu ule wa mvua ukungu ulipanda kutoka bondeni kila asubuhi. Ulifunika majani chai kwanza, kisha migomba, kisha choo, hadi mtu akadhani dunia nzima imebaki kuwa nyumba yetu, jiko la Mama, na ile pikapu iliyosimama uwanjani bila magurudumu ya mbele. Ukungu ulipokuwa mzito, mawe yaliyoibeba hayakuonekana. Ungeapa kwamba gari limening'inia hewani, taa zake mbili zimeelekezwa kwenye mlango wetu. Sikupenda kutoka nje kabla ya ukungu kuinuka, lakini kufagia uwanja ilikuwa kazi yangu, na Mama hakuwa na masikio ya kusikia habari za woga.

Baba yetu, ambaye kwa lugha yetu tulimwita Tata, alikuwa mwalimu wa hesabu. Pikapu hiyo kuukuu alikuwa ameinunua ili tusafirishe ndizi sokoni, na mwaka haukuisha kabla giaboksi haijaanza kulia. Gereji ya mjini Kisii haikuwa ya watu wa kipato chetu, kwa hiyo Tata akaamua kuitengeneza nyumbani. Jeki aliazima kwa jirani aliyeendesha lori la majani chai, na masharti ya jirani yalikuwa wazi: jeki irudi siku hiyohiyo. Basi kilihitajika kitu cha kuishikilia pikapu jeki ikiondoka. Mama alisema tukate magogo ya mkaratusi. Tata alisema mbao huliwa na mchwa, na kwamba mtu aliyezaliwa Kisii hapaswi kuhangaika na mbao wakati Mungu amempa mawe. Kwetu jiwe la Tabaka ni fahari. Linachongwa, linasafirishwa ng'ambo, wazungu wanaliweka mezani. Ndugu yake Mama alikuwa mchongaji huko Tabaka, na Tata akamtumia salamu amletee mapande manne makubwa, bila kueleza ni ya kazi gani. Mjomba akadhani shemeji yake anajenga ngazi ya mlango. Akachagua yale yasiyofaa kuchongwa, akayapakia kwenye lori la mtu, nasi tukayapokea kwa furaha.

Tata aliyapanga mawili mawili, jiwe juu ya jiwe, chini ya fremu upande wa mbele, pale penye uzito wa injini. Alipoishusha jeki polepole, gari lilikaa juu ya mawe likatulia. Akapiga makofi kuondoa vumbi mikononi, akayafungua magurudumu ya mbele na kuyaficha ghalani wezi wasiyaone. Nyanya yetu, ambaye tulimwita Magokoro, alikuwa ameketi barazani akipepeta nafaka ya wimbi. Aliyatazama mawe kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, "Jiwe lililochimbwa halisahau shimo lake." Tata akacheka, akamwambia, "Mama, hesabu haidanganyi. Jiwe ni jiwe." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani angemwambia hivyo mwalimu wa hesabu nyumbani kwake?

Giaboksi ilishushwa, na kipuri kilichovunjika kikaagizwa Kisumu. Wiki moja ikapita, kisha ya pili. Kuku wetu mweupe alikuwa ametengeneza kiota chini ya pikapu, mahali pakavu, na akataga humo mayai matano. Asubuhi moja nilimkuta amehamia kwenye matete, analowa mvua, na mayai yake ameyaacha. Nilimrudisha kwa mikono yangu. Akatoka mbio akipiga kelele hadi Magokoro akainua kichwa. Siku hiyohiyo niliuona unga kwa mara ya kwanza.

Ulikuwa umemwagika kuzunguka mawe, mweupe, mwororo kuliko unga wa ngano, kama vile mtu alikuwa amekesha hapo akisaga. Niliufagia. Kesho yake ulikuwapo tena. Niliufagia tena. Nataka kusema ukweli hapa, kwa sababu umri wangu sasa hauniruhusu kujificha: unga ule niliupenda. Ukiusugua mkononi, ngozi inateleza kama imepakwa mafuta. Nilianza kuukusanya kwenye mkebe wa kakao, na ulipopungua pembeni nilitambaa chini ya gari kuufuata karibu na mawe, ingawa Tata alikuwa ametuonya kwamba mtoto atakayepatikana huko atachapwa hadi asahau jina lake. Nikiwa kule chini nilisikia sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala akisaga meno, ikitoka juu ya jiwe, inakoma, halafu inaanza upande wa pili. Hapakuwa na upepo. Hakuna aliyeligusa gari. Siku nyingine niligundua kwamba taa zile, ambazo mwanzoni zilielekezwa juu ya mlango wetu, sasa zilikuwa zimeinama hadi usawa wa kitasa. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Ningetaja unga, ningeulizwa nimeupata wapi.

Kipuri kilifika siku ya Ijumaa, wiki ya tatu. Sisi ni Waadventista, na Ijumaa kwetu ina mwisho wake: jua likizama, kila kazi inawekwa chini. Tata alirudi kutoka shuleni mbio, akavaa kaptula yake ya kazi, akatandika gunia la katani chini ya pikapu akalala chali. Alasiri yote nilimsikia akipumua na kunung'unika huku chuma kikigonga chuma. Jua lilipofika kwenye kilele cha mlima, Mama alimwita kutoka jikoni, kwa jina langu kama kawaida yake.

"Baba Moraa, Sabato inaingia!"

"Imebaki bolti moja," akajibu.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka garini, ufagio mkononi, miguu mitupu. Ndipo nilipouona unga ukishuka. Haukuwa umemwagika wakati huu. Ulikuwa unamiminika kutoka juu ya jiwe la kushoto, taratibu, mchirizi mwembamba usiokatika, huku uwanja mzima ukiwa kimya na hata jani la mgomba halitikisiki. Nilijua. Mimi, mtoto wa darasa la tatu nisiyejua uzito wa injini, nilijua kwamba jiwe lile linaondoka na kwamba kichwa cha baba yangu kiko chini ya gari. Mama akaita mara ya pili. Nilifungua mdomo na ulimi ukakataa. Niliona fimbo, niliona mkebe wangu wa kakao, niliona aibu, na mambo hayo madogo yakasimama kati yangu na uhai wa baba yangu. Sitajitetea. Nilisimama tu. Mama akaita mara ya tatu, na Tata akatoka, akijivuta kwa viwiko, bila kukasirika. Akanitazama kidogo. Akanishika bega, akanipeleka ndani.

Tulinawa, tukaketi, Mama akaanzisha wimbo wa kufungua Sabato. Tata akaomba. Alikuwa amefika mahali pa kushukuru kwa afya ya kila mmoja wetu, akianza na Magokoro, tuliposikia mlio nje kama mti unaopasuka, na kisha kishindo kilichotikisa vikombe kabatini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tata aliendelea na sala yake. Alitaja jina langu, akataja jina la mdogo wangu, akasema amina, ndipo akainuka kwenda kutazama.

Sabato ile ndiyo siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Kwa kuwa hakuna kazi ya kufanywa, pikapu ililala palepale, pua imejichimbia kwenye udongo. Gunia la katani lilionekana nusu. Nusu nyingine, ile ya upande wa kichwa, ilikuwa chini ya chuma, na beseni la bolti lilikuwa limekuwa bapa kama sahani. Tulipita kando yake tukienda kanisani na tukapita kando yake tukirudi. Tulikula chakula cha baridi tukiwa tumeuelekezea mlango migongo. Na alasiri, kila mtu alipokuwa amelala, yule kuku mweupe alitoka kwenye matete, akalizunguka gari mara moja, akaingia chini ya ubavu wake na kutulia. Magokoro alimwona. "Sasa limefika," akasema, na sikuuliza ni nini kilichofika wala wapi.

Jumapili mjomba alikuja kutoka Tabaka baada ya kupata habari. Alipoona mawe yake, alishika kichwa. Alitoa mfukoni kisu chake cha kazi, akaokota kipande cha jiwe lililovunjika, akakichonga mbele yetu, unga ukianguka kwenye viatu vyake, hadi kikawa na umbo la kidole.

"Shemeji," akasema, "hii jiwe tunakata na kisu ya jikoni. Mtoto anaweza kuikata. Sasa wewe unalala chini yake?"

Akamwonyesha mshipa wa rangi ya kutu uliopita katikati ya pande lile. Ndio uliomfanya alikatae kwa kuchonga. Tata akaenda kuazima jeki tena, safari hii pamoja na shoka. Walikata mikaratusi minene, wakaipasua mapande, wakayapanga mawili hivi na mawili vile, kukingamana, juu ya udongo uliosawazishwa na kushindiliwa. Magurudumu ya nyuma yaliwekewa kabari mbele na nyuma. Yale ya mbele yakatolewa ghalani na kulazwa chini ya fremu, ili hata kila kitu kikishindwa, gari liangukie mpira na pabaki nafasi ya kichwa cha mtu. Mwisho, mjomba alimwambia Tata alisukume gari kwa nguvu zake zote. Tata akasita.

"Ukiogopa kuitikisa ukiwa nje," mjomba akasema, "utaingia chini yake na moyo gani?"

Tata akalisukuma, nalo halikutikisika. Kazi hiyo haikugharimu chochote zaidi ya jasho na mikaratusi yetu wenyewe. Kufikia Jumatano pikapu ilikuwa barabarani, inanguruma kama kawaida yake. Tata hakuwahi tena kulala chini ya gari bila kulitikisa kwanza. Mawe mazima yaliyobaki yakawa ngazi ya mlango, kama mjomba alivyodhani tangu mwanzo.

Kanisani hadithi ile ilisimuliwa mwaka baada ya mwaka: jinsi Sabato ilivyomwokoa mwalimu. Mama aliisimulia machozi yakimtoka, na Tata alikaa kando yake akitikisa kichwa kukubali. Mimi niliinamisha macho. Kila mara waumini walipoitikia amina, nilisikia yale meno yakisaga. Mkebe nilikuwa nimeuzika nyuma ya choo usiku uleule wa kishindo, na nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikawa na watoto wangu, bado nikijua kwamba nilimwona baba yangu akiwa karibu kufa nikanyamaza.

Nilimwambia alipokuwa mzee sana, Mama akiwa ameshatangulia. Tulikuwa tumeketi kwenye ile ngazi ya mawe, imelika katikati kwa miguu yetu ya miaka yote hiyo. Nilimwambia kila kitu, unga, mkebe, fimbo niliyoiogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako aliniita mara tatu," akasema. "Nilimsikia zote tatu. Nilikuwa nimeamua kumaliza ile bolti, Mungu anisamehe."

Nikamuuliza ni nini basi kilichomtoa.

"Niligeuza kichwa nikaona miguu yako. Ilikuwa myeupe kwa unga mpaka vifundoni, na vidole umevikunja umeshika ardhi. Nikajiambia, huyu mtoto anaona kitu ambacho mimi sikioni."

"Na kanisani mbona hukusema?"

"Ningetaja miguu myeupe, mama yako angejua ulitambaa chini ya gari, angekuchapa." Akacheka, akakohoa, akanipapasa goti.

Siku hizi mambo ni rahisi. Stendi za chuma zinauzwa mjini Kisii, na mwanangu hujifunza kwenye simu kazi ambayo Tata aliisomea kwa hofu. Gari lake huliinua mbele ya nyumba kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hatujui tena jiwe gani lina mshipa, na pengine hatuna haja ya kujua. Lakini akiingia chini ya gari huwa naacha nilichokuwa nikifanya. Navua viatu, natoka, nasimama hatua tatu kutoka pale alipolala. Juzi aliniuliza kutoka chini huko, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu, aendelee na kazi. Nikasogea kidogo, ili aione miguu yangu vizuri.