Kaburi la Nesi wa Mahege

Hasira ile sijaitubu, na sina mpango wa kuitubu.

Nesi mstaafu wa kijiji cha Mahege ndiye aliyenipokea nilipohamishiwa Kibiti kuwa kasisi. Alikuja huku kutoka bara akiwa msichana, akazalisha nusu ya kijiji, akastaafu, akalima mikorosho yake na kubaki. Wengine wote kanisani kwetu, walimu, matabibu na maofisa, wanasubiri uhamisho. Ndiyo maana kanisa lenyewe limekwama kwenye lenta, halina paa: nani ajenge mahali anapopita? Na mmoja wao akifa, tunahangaika kutafuta gari mwili upelekwe "nyumbani". Parokia nzima haikuwa na kaburi hata moja. Nesi alikuwa akinicheka, "Padri, kanisa gani hili lisilo na wafu?" Kisha akanionyesha mahali kando ya mikorosho.

"Mimi utanizika hapa. Niahidi."

Nikaahidi.

Alifariki alfajiri. Majirani zake, Waislamu wote, hawakungoja kuambiwa mara mbili. Kabla jua halijawa kali, wanaume aliowapokea wakizaliwa walikuwa ndani ya shimo mpaka mabegani, wakipokezana jembe. Nilikuwa nimeshavaa kanzu na stola pale mzee wetu wa kanisa, afisa wa wilayani, alipoingia na gari lililobeba jeneza na waumini wenzake.

"Nimeshaongea na kaka yake," akasema. "Mwili unasafiri leo."

"Nani alikutuma?"

"Ndugu wana haki yao, Padri." Akanipa simu.

Kaka huyo, ambaye hakukanyaga Mahege hata dada yake alipougua, akaniambia hawezi kumwacha azikwe ugenini, tena na watu wasio wa dini yake. Nikamwambia hao ndio waliompikia uji na kumgeuza kitandani alipolala hoi. Nikamweleza ahadi yangu. Akauliza, ahadi ya mtu baki? Akakata simu.

Nilitamani kulala mbele ya magurudumu. Sikulala. Ndugu wakishasema, kasisi hana lake. Wakamtia kwenye jeneza, waumini wangu wakapanda, gari likaondoka huku wakiimba. Kuimba! Damu ilinichemka.

Shimo likabaki. Mmoja wa wachimbaji akajipangusa udongo, akanisogelea.

"Padri, kaburi haliachwi tupu. Litaita mwingine."

Wakakata mgomba nyuma ya nyumba yake, kama desturi ya huku inavyotaka, wakaulaza shimoni. Kisha wakanitazama, wakangoja.

Chuoni hatukufundishwa kuzika mgomba. Nikafungua kitabu, nikasoma ibada yote ya maziko, mwanzo hadi mwisho, kwa jina lake, na kwa hasira ile ile. Nilipotupa udongo, nao wakatupa. Kisha wakafukia.

Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa akanivuta pembeni. Habari zilikuwa zimemfikia. Je, ilikuwa sawa kasisi kuuzika mgomba kwa sala za Kanisa?

"Si sawa," nikamjibu. "Sawa ilikuwa kumzika yeye. Lakini katika parokia hii yote, ni mgomba peke yake uliokubali kubaki."