Kumfuata Neema Kambi ya Mafuta

Niliondoka kwetu Ihanda, milimani, asubuhi, kahawa ikiwa imeiva mitini, kwa sababu nilichoka kuulizwa na majirani mke wangu atarudi lini. Neema aliteremka Kamsamba mwanzoni mwa kiangazi, kupika katika kambi ya shirika la serikali lililokuja kutafuta mafuta bonde la Rukwa. Kila dereva aliyetoka huko aliniletea salamu zake, na kila salamu ilikuwa na jina la mhandisi mmoja, Kileo.

Mlowo nilipata lori lililokuwa likifuata mpunga. Dereva alinisimulia kwamba Kileo hanywi chai asiyopikiwa na Neema. Yeye alicheka. Mimi nilitazama dirishani.

Tulipoanza kuteremka bondeni, joto lilinivua koti, kisha sweta. Wachungaji wa Kisukuma walikuwa wamesimama na ng'ombe wao, wakitazama nyaya zilizotandazwa ardhini. Dereva alieleza kuwa wataalamu hulipua baruti ndogo chini, halafu nyaya hunasa mtikisiko, na kwa huo wao hujua kama kuna mafuta.

Kamsamba tulifika alasiri. Nilimwona Neema kabla hajaniona. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya shirika, amesimama kati ya wahandisi na wazee wa kijiji, anaongea Kinamwanga cha mama yake, kisha Kiswahili, na wote kimya wanamsikiliza. Mhandisi mmoja, mrefu, alikuwa akitabasamu. Nikajua ndiye.

"Karibu sana, shemeji," Kileo aliniambia, akanivutia kiti. Alimsifu mke wangu mpaka masikio yakaniwaka. Kisha akasema shirika linahamia Mtwara kwenye gesi, na wanataka Neema akasimamie jiko lao, maana anajua kuzungumza na watu.

Jioni, tukila wali na samaki nje ya hema lake, nilimuuliza Neema huyo Kileo anakaa hema lipi, anakula na nani, ana mke au hana. Neema alijibu yote kwa utulivu. Mkewe yuko Moshi, na picha yake imebandikwa hemani. Halafu akaweka kijiko chini.

"Tangu ufike unaniuliza habari za Kileo. Hujaniuliza mimi nilikuwa nasema nini pale."

Nikamuuliza. Akanieleza: nyaya zilikuwa zipite juu ya makaburi ya kijiji, wazee wakakataa, vijana wakashika mapanga. Yeye ndiye aliyewaombea njia ya kuzunguka, na wahandisi wakakubali. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akizungumza kwa kirefu namna ile.

"Unataka kwenda Mtwara?" nilimuuliza.

"Nataka."

Asubuhi nilipanda lori juu ya magunia ya mpunga, peke yangu. Nilikuwa nimemwambia aende. Wivu haukubaki Kamsamba. Nilipanda nao mlima hadi Ihanda. Ila sasa naujua vizuri: nawaonea wivu wote waliomsikiliza mke wangu kabla yangu.