Siku Niliyoifanya Nyumba ya Mama Ouma Kuwa Ndogo

Msonyo wa Mama Ouma nausikia mpaka leo, mrefu na mkavu, kama mtu anayechana kitambaa kipya polepole, na kila ukinijia natafuta mahali pa kuficha uso, ingawa miaka mingi imepita na sasa mimi ni mtu mzima. Acheni niwaambie niliupataje, mcheke vizuri, halafu tuyaache.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nakaa Migosi kwa kaka yangu na nikijifunza uchoraji katika darasa dogo pale mjini Kisumu (shule niliishia la nane, kwa hivyo darasa lolote lililonikubali nililiona kama chuo kikuu). Mwalimu wetu alikuwa amefika kwenye somo la umbali. Alichora reli ubaoni, mistari miwili inayokaribiana mpaka inakutana kwenye nukta moja, akasema kila kitu kinachokwenda mbali na jicho kinapungua kikielekea nukta hiyo, nyumba, miti, ng'ombe, hata kanisa. Niliitikia kwa kichwa kama wenzangu huku nikijiuliza, sasa reli zikishakutana hivyo treni inapita wapi? Kazi ya kufanya nyumbani ilikuwa kuchora boma zima, kwa kalamu ya wino, bila kufuta, na kila kitu kionyeshe ngozi yake: nyasi kwa vistari vifupi, udongo kwa nukta, bati kwa mistari iliyonyooka.

Boma nililolijua vizuri lilikuwa la shangazi yangu, nje kidogo ya Bondo. Shangazi alikuwa ameolewa pale mke wa pili, na kwa miaka mitatu yeye na Mama Ouma, mke wa kwanza, walikuwa wakisalimiana kama karani na mtu aliyekuja kuchukua fomu. Ni juzijuzi tu walikuwa wameanza kwenda mtoni pamoja na kuazimana chumvi. Nilipofika Ijumaa shangazi alinivuta pembeni akaniambia, "Atieno, hapa sasa kuna amani. Usiguse kitu." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, mimi nimekuja kuchora tu.

Jumamosi Mzee, mume wao, alikuwa akifanyiwa maombi ya shukrani kwa kustaafu ualimu. Kabla wageni hawajafika nikatafuta mahali pa kukaa nichore, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, maana nilikaa langoni, kwa sababu moja tu, kwamba kulikuwa na kivuli. Nyinyi mnaojua boma la Wajaluo mmeshaona. Nyumba ya mke wa kwanza iko juu kabisa, inatazamana na lango. Ya mke wa pili iko chini yake, upande wa kulia. Na simba, ile nyumba ya kijana wa kiume, iko palepale karibu na lango. Haya yote niliyajua tangu utotoni, lakini asubuhi ile kichwa changu kilikuwa kimejaa nukta, nikapima kwa kalamu kama nilivyofundishwa, na simba ya Ouma, mtoto wa mke wa kwanza, ikatoka kubwa kama shule, nyumba ya shangazi ikatoka ya kadiri, na ya Mama Ouma ikatoka kama kiberiti. Tena ukuta wake haukuwa umepigwa na jua, basi nikaujaza mistari ya kukatana mpaka ukawa mweusi tititi. Niliona raha hata chai nikasahau.

Baada ya maombi, watu wakiwa wanakula, Mzee (ambaye alinipenda, na hilo ndilo lililoniponza) akaichukua ile karatasi akaipitisha kwa wageni. Ouma akasema kumbe amejenga kumpita baba yake, watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Kisha ikafika kwa mama yake.

"Hiki kibanda cha kuku ni cha nani?"

"Ni nyumba yako, Mama," nikasema. "Ni vile wewe uko mbali."

"Niko mbali na nani?"

Nikaanza kueleza mambo ya jicho na reli, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutojielewa mwenyewe. Akauliza nyumba yake iliungua lini, maana kuta alikuwa amezisiriba upya wiki ileile kwa ajili ya wageni. Mama mmoja wa kanisa akanong'ona, kwa sauti iliyofika kila meza, kwamba si huyu msichana ni wa nyumba ya pili. Nikamwona shangazi akiinamisha macho.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilichomoa kalamu niikuze ile nyumba palepale, mbele ya watu wote. Nikainua paa, nikapanua kuta, lakini msingi wake ulibaki kulekule juu ya karatasi, nyumba ikawa inaning'inia hewani kama inataka kuiangukia ya shangazi. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba sasa imeruka. Wino ukadondoka mlangoni. Ndipo ukaja ule msonyo. Mama Ouma aliacha chakula, akaenda kwake, akafunga mlango mchana kweupe wageni wakiwa uwanjani. Shangazi aliendelea kupakua mchuzi, ila alikuwa akimimina kwenye bakuli lililokwisha kujaa.

Wageni walipoondoka nilimkuta akisugua sufuria. Hakunigombeza. "Miaka mitatu, Atieno," alisema. Baadaye akaniuliza, "Kwani huyo mwalimu wenu anatoka boma gani?"

Nikaenda mwenyewe kwa Mama Ouma. Alikuwa ameketi barazani akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nikaomba radhi nikitazama vidole vyangu, na yeye akanionyesha mahali pa kukaa, karibu naye.

"Angalia ya shangazi yako. Kutoka hapa, ni kubwa ama ndogo?"

Niliogopa kusema ukweli na niliogopa kudanganya. "Ni ndogo, Mama."

"Kuliko yangu?"

"Kuliko yako."

Akaitazama, jicho moja amelifumba. "Na mwenyewe, amepungua?"

"Hapana, Mama."

Akarudi kuchambua omena. "Mwambie chai ya saa kumi aje tunywe hapa."

Hadi leo sijui kama alikuwa ameelewa uchoraji, au amenisamehe, au alifurahi tu kwamba kwake ndiko kukubwa, na sikuthubutu kuuliza. Ninachojua ni kwamba sijachora tena boma la mtu kabla wenyewe hawajanionyesha pa kukaa, hata kama ni juani.

Wakati nikikatiza uwanja kumpelekea shangazi ujumbe, hapakuwa na mtu nje. Nikasimama. Nikatazama huku, nikatazama kule, nikasogea hatua mbili nyuma, moja mbele, mpaka nikapata mahali ambapo nyumba zote mbili zinatoshana. Nikavua ndara moja, nikachora alama palepale mchangani kwa kidole cha mguu.