Meza ya Kioo Aliyoiomba Bertha

Fundi wetu wa Kihesa ana futi mfukoni lakini hupima kwa shibiri, hupuliza vumbi la mbao polepole kama anapoza chai, na ukimwuliza kazi itaisha lini hujibu, "Kesho, mama." Bertha, mtarizi mwenzetu, alimwomba miaka mingi meza ya kioo yenye taa chini, aache kunakili maua kwa kubandika karatasi dirishani, ambako siku za ukungu alikuwa haoni kitu. Fundi ameileta leo. Bertha tulimzika Ilula kabla ya Pasaka. Tulipoiwasha, chumba kizima kikang'aa. "Fupi mno, fundi," alisema Urvi, mtarizi mwingine. "Iongeze miguu." Fundi akalaza kiganja juu ya kioo. "Kiwiko cha Bertha kilikuwa kinafika hapa." Kisha, bila kututazama: "Nitaongeza. Kesho."