Wavu Uliolegea Juu ya Meza ya Chai

Anayekutana na Mama Chai kwa mara ya kwanza huona jambo moja: kabla hajatua birika mezani, hutazama juu. Hata nyumbani kwake, chini ya bati lisilo na kosa lolote, huinua macho kwanza, ndipo akae.

Meza yake iko chini kabisa ya kiwanda cha sabuni, pembeni mwa matangi. Juu yake kuna sakafu ya wavu wa chuma, ambayo ukiwa chini unaona nyayo za wanaopita. Ngazi iko upande wa pili wa jengo, na watu wa juu ni wavivu wa kushuka. Basi walizoea kufungua vibanio vya kipande kimoja cha wavu, wakakisogeza na kuteremsha kamba. Mama Chai aliifunga chupa ya chai, wakaivuta, kisha wakarudisha kipande mahali pake. Vibanio havikurudi. Nani afunge kitu atakachokifungua tena kesho saa nne?

Siku moja kipande kilirudishwa vibaya, kikakalia ukingo upande mmoja tu. Akapita huko juu Sukari Mbili, mpakiaji aliyepewa jina hilo kwa vijiko vyake, na ndiye pekee aliyekuwa akishuka ngazi kunywa chai yake mezani. Alikuwa na gunia begani, hata miguu yake haioni. Mama Chai alisikia klak, akainua uso. Kiatu ndicho kilichotangulia. Alianguka karibu na meza, wala hakuamka tena.

Kwa muda wakubwa walifunga vibanio vyote, wakabandika tangazo jekundu. Tangazo likafifia kwa mvuke. Kamba ikarudi, na ile sauti ikarudi nayo: kila mguu ukikanyaga kipande kile, klak. Mama Chai aliisikia akikoroga chai. Aliisikia akifua nguo nyumbani, ambako hakuna chuma chochote. Mara nyingine alijikuta ametia vijiko viwili kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekiagiza, akakimwaga upesi kabla hajaulizwa.

Jioni moja bintiye, fundi umeme aliyetoka chuoni juzijuzi, aliingia nyumbani akirukaruka.

"Mama, nimepata kazi! Pale pale kwenu, ghorofa ya juu! Naanza keshokutwa."

"Hongera, mwanangu."

"Mbona umekunja uso? Au unaogopa nitakunywa chai ya bure?"

Mama Chai akacheka ili mtoto asione kitu. Mikono yake aliificha ndani ya kanga.

Kesho yake kamba ikashuka kama kawaida. Hakuigusa.

"Mama, vipi? Huku juu makoo yamekauka!"

"Fungeni vibanio. Chai iko hapa, ngazi ile pale."

"Makubwa! Leo mama yetu kanuna," mmoja akasema, wenzake wakaangua kicheko. "Tutakufa na kiu, mama!"

"Humu ndani sijaona aliyeuawa na kiu."

Kicheko kikakatika. Wakarudisha kipande, kamba ikabaki ikining'inia ukingoni juu ya birika, ikiyumba kidogo, ingawa hakuna aliyeishika.

Msimamizi akashuka mwenyewe, jasho linamtiririka.

"Mama yangu, umewagomea vijana? Kazi imelala."

"Baba, njoo usimame nilipo mimi."

Alimshika kiwiko, akamweka chini ya kipande kile. Mtu akapita juu. Klak. Msimamizi akaruka kando, kofia ikamdondoka. Mama Chai akaiokota, akamkabidhi bila kucheka.

"Kesho mwanangu atapita hapo. Funga, baba."

Msimamizi alitazama juu. Kisha akaivuta kamba mpaka ikaanguka yote miguuni pake.

"Kesho asubuhi, kabla hajapanda mtu yeyote. Na chai watashuka kuifuata."

Asubuhi mnyororo ulikuwa umezuia ngazi. Bintiye alisimama hapo na buti mpya, mkoba wa vifaa begani. Juu, fundi alikuwa amepiga magoti kwenye wavu, anakaza kibanio cha mwisho.

"Mama, bado tu?"

"Ngoja amalize."

Mnyororo ukafunguliwa. Buti zikaanza kupanda ngazi. Mama Chai aliliacha birika lichemke mpaka likafurika. Alikuwa ameinua uso, pumzi kaibana, akingoja mguu wa mwanawe upite juu yake pasipo sauti.